Meza ya Mawe ya Kugusa

Mke wangu aliondoka Nakuru akiwa na mimba ya miezi mitatu na mawe meupe mawili ndani ya kiondo. Mawe yenyewe nilimletea mimi kutoka Kariandusi, karibu na ziwa Elmenteita, ambako watu huchimba kilima kizima cheupe na kukipakia kwenye malori. Ni mawe mepesi ajabu. Ukiyashika yanakuachia unga viganjani, na ukiyagusa kwa ncha ya ulimi yanang'ang'ania. Alikuwa akiyala.

Asiyejua atashangaa, lakini kwetu hakuna aliyeshangaa. Mama yangu, ambaye wazee wake walitoka pwani, alikula udongo kila alipokuwa mjamzito, akiuita pemba. Majirani zetu Wajaluo pale mtaa wa Bondeni walikuwa na wao, wakiuita odowa. Mke wangu, aliyezaliwa Dundori juu kwenye shamba la mzungu, hakujali jina. Alisema tu, "Niletee lile jiwe." Na wanawake wote hao, wa dini zote na makabila yote, waliambiana jambo moja: si mama anayelitamani, ni mtoto aliye tumboni. Mtoto akishataka, mama hana la kufanya.

Alikuwa anampeleka mama yake. Mama mkwe alikuwa kibarua wa miaka mingi kule Dundori, na serikali ya wazungu ilipokaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya msituni, Wakikuyu wa mashambani wakawa wanakusanywa na kurudishwa upande wa Fort Hall, kwenye ardhi ambayo wengine wao hawakuwahi kuitia machoni. Mguu wa mama mkwe ulikuwa umevimba, hawezi kutembea bila kushikwa. Mke wangu akasema, "Nitamfikisha, nimtafutie pa kulala, nirudi. Wiki mbili tu." Nikasema sawa. Nilikuwa mtu wa kusema sawa. Wiki mbili zikaisha, na alipokwenda kuomba pasi ya kurudi akaambiwa yeye ni Mkikuyu kama wengine, akae hapo hapo. Karani alikitazama cheti chetu cha ndoa mbele na nyuma, akamrudishia.

Basi nikabaki mimi na chumba. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza, kabati, jiko la makaa na kamba ya nguo, na nguo zake tatu zilikuwa bado kwenye kamba. Sikuzitoa. Nilijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, na nawaambia, hakuna kazi ngumu kama hiyo. Kila siku ulizidi. Nilikula hadi nikachoka, uliobaki nikampa jirani kwa ajili ya kuku wake, na yule mama akaupokea bila kuniuliza lolote, maana alijua.

Nilikuwa na kazi, nashukuru. Nilikuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji. Nikisema jumba natia chumvi, kwa sababu lilikuwa vyumba viwili vya mabati vilivyokuwa zamani ghala la mbegu. Ndani mlikuwa na ndege waliokaushwa, mikuki, fuvu la kiboko, na picha za wazungu wa kwanza kuingia bondeni, wote wamekunja uso. Nilifungua mlango asubuhi, nikapangusa vumbi, nikasimama. Jioni nikapangusa tena vumbi lile lile, nikafunga. Kwa wiki nzima huenda walikuja watu sita.

Aliyekuwa juu yangu alikuwa memsahib mmoja, mke wa mkulima, mwembamba, mwenye kofia ambayo siku zile sikuwahi kumwona akiivua. Hakuwa mbaya. Alipenda mawe kuliko watu, na simlaumu, wakati ule hata mimi nilikuwa nimeanza kuyapenda kuliko watu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na shambani, lakini alielewa kila unachosema, na hilo wengi walilisahau, wakajuta.

Siku moja aliingia na daftari chini ya kwapa.

"Toto yote nachoka hapa," akaniambia. "Naona ndege, naona kiboko, nasema twende nyumbani. Mimi nataka fanya kitu ya mawe. Mawe ya hapa, ya bonde hii. Baba, mama, toto, yote nakuja pamoja."

Akanionyesha michoro. Makabati ya vioo, mstari kwa mstari, kila jiwe na karatasi yake ya maelezo kwa Kiingereza. Kila kitu kilikuwa safi na sawa, na kwa macho yangu kilikuwa kimekufa kama wale ndege.

"Memsahib," nikasema, "jiwe la kusugulia visigino, hilo hapa, mtoto ataliona ndani ya kioo atasema ni jiwe. Lakini ukiweka beseni ya maji na yeye mwenyewe akalitupa humo, ataliona linaelea. Hatasahau hadi azeeke."

Aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Toto nashika na mkono?"

"Kwa mkono, memsahib. Tufanye meza moja tu ya kugusa."

Hivyo ndivyo meza ile ilivyozaliwa. Na kwa kuwa siku hiyo ulimi wangu ulikuwa umefunguka, nikaongeza kwamba mji una baba na mama na watoto wengi ambao si wazungu, na wote hao wanakanyaga mawe kila siku. Akaandika kitu kwenye daftari. Baada ya wiki akaja akasema Jumamosi ya kwanza ya maonyesho itakuwa ya watu wote: Waafrika, Wahindi, yeyote mwenye mtoto. Kadi za mwaliko zitachapishwa, na zitapigwa muhuri wa makumbusho.

Nisijifanye mwema hapa. Nilipendekeza Jumamosi ile kwa sababu ya watoto, ndiyo, lakini aliposema muhuri, moyo wangu ulikwenda mahali pengine kabisa. Mtu wa wakati ule anajua muhuri ulikuwa nini. Bila muhuri hukuwa mtu. Nikawaza: mke wangu akipata kadi ya Kiingereza yenye jina lake na muhuri wa duara, akaenda nayo ofisini, karani hataigeuza mbele na nyuma hivi hivi. Akishafika Nakuru, mimba imekuwa kubwa, nani atamwambia apande lori arudi? Mtoto angezaliwa Bondeni, mikononi mwa mkunga aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Nilitaka hilo tu. Sijawahi kutaka kitu kingine kwa nguvu kama nilivyolitaka hilo.

Ilinichukua siku nne kuomba. Hatimaye nikamwambia memsahib kwamba mke wangu yuko kwao kwa sababu ya hali ilivyo, na ningeomba kadi moja iende kwake.

"Yeye napenda mawe?" akauliza.

"Sana, memsahib."

Akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake akaongeza mstari kwamba mama huyu anatarajiwa Nakuru siku hiyo. Sikumwambia kwamba ni mjamzito. Mwanamume wa kwetu hasemi mambo hayo mbele ya mwanamke wa watu, tena mkubwa wake wa kazi. Mimba ya mkeo haisemwi na wewe. Wanawake watasema wenyewe, nawe utajifanya hukusikia. Nililelewa hivyo na sikuona kasoro yake wakati ule.

Miezi miwili iliyofuata tulikusanya mawe. Memsahib aliendesha pikapu yake kana kwamba anaikomoa, mimi nyuma na magunia. Karibu na Elmenteita tuliokota jiwe la kioo cheusi, lile ambalo kingo zake zinakata kama wembe, na ambalo watu wa kale kabisa walilichonga wakatengeneza visu. Ilibidi tuchague yasiyo makali. Mlimani Menengai tulichukua mawe ya moto uliozimika, mazito na yenye mashimo. Mfugaji mmoja mzee tuliyemkuta njiani alitupeleka hadi kwenye ukingo ambao ng'ombe wake huulamba kwa ajili ya chumvi. Memsahib alipotaka kuuvunja kwa nyundo, yule mzee akasimama mbele yake. "Chukua ile imeanguka," akasema. "Hii imesimama ni ya ng'ombe." Tukachukua iliyoanguka.

Kariandusi tulikaa siku nzima. Nilichagua mawe meupe kwa uangalifu ambao memsahib aliusifu, akidhani ni bidii ya kazi. Nilikuwa nikiyabonyeza kwa kidole gumba kama mke wangu alivyokuwa akifanya, kutafuta lililo laini lisilo na mchanga. Matatu nikayatia mfukoni. Nilipofika nyumbani niliyafunga kwenye kitambaa nikayaweka juu ya kabati, tayari kwa Jumamosi. Usiniulize kwa nini nilianza kuyasalimia nikitoka kazini. Nyumba isiyo na mtu wa kusalimiwa inakufundisha mambo.

Siku nyingine tulipita Dundori kutafuta udongo mwekundu. Barabara ilipita juu ya vibanda vya vibarua alikokuwa akiishi mama mkwe. Milango ilikuwa wazi. Viazi vilikuwa vimeota ovyo hata njiani, hakuna wa kuvichimba, na kwenye kizingiti cha nyumba ya mama mkwe, ambako nilikaa siku ya posa nikiwa nimevaa kanzu mpya na viatu vinavyonibana, mbuzi wa mtu alikuwa amelala. Memsahib akauliza kama tusimame. Nikamwambia hapana, hapa hapana mawe.

Barua ya mke wangu ilifika wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Alikuwa ameandikiwa na mwalimu wa misheni, lakini nilisikia sauti yake ndani yake. Kadi imefika. Ameipeleka ofisini mara tatu. Mara ya tatu bwana mkubwa mwenyewe aliisoma, akacheka, akasema hajawahi kusikia mtu akiomba pasi kwenda kutazama mawe, akatia sahihi. Pasi ilikuwa ya siku nne, kuanzia Jumamosi yenyewe. Mwishoni aliandika: "Yale uliyonipa yaliisha zamani. Huku natafuta udongo wa ukutani lakini si sawa. Mwenye kutaka anataka lile lile."

Niliisoma barua hiyo nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nilinunua godoro jipya. Nilifua nguo zake tatu ingawa zilikuwa safi, nikazirudisha kwenye kamba.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka kwa miaka mingi na sitaki kulizunguka tena.

Siku nane kabla ya maonyesho, memsahib alitaka kuijaribu meza. Akasema tualike wanawake wachache na watoto wao, tuone kama watoto wanavunja vitu. Nilileta wanawake kumi na wawili wa mtaani kwetu na watoto wasiohesabika. Meza ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Watoto walitupa mawe ya visigino kwenye beseni wakayaona yanaelea, wakayazamisha, yakapanda tena, wakapiga kelele za raha. Walijipaka udongo mwekundu mashavuni. Walipokezana jiwe la moto uliozimika na kuangalia nani atalidondosha kwanza. Mama mmoja alilinusa jiwe la chumvi akasema, "Hii najua. Kwetu tunawekea ng'ombe." Memsahib alisimama pembeni na daftari lake, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka hadi kofia ikasogea.

Mimi nilikuwa kwenye beseni, nikikausha watoto. Sikuiangalia ncha ya pili ya meza, kulikokuwa na sinia la mawe meupe. Nilisikia tu sauti za wanawake zikishuka, zile sauti wanazotumia wakiwa hawataki wanaume wasikie, kisha vicheko vya chinichini. Baadaye wakaaga, wakashukuru sana, wakaenda.

Memsahib alikuwa wa kwanza kuliona sinia. Tuliweka mawe meupe kumi na tano. Yalibaki manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamepungua.

"Nani nachukua?" akauliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi nafungua mlango, wao naiba."

Nikalichukua moja ya yale yaliyopungua. Kwenye ukingo wake kulikuwa na alama za meno, ndogo, zimepangana vizuri, za mtu aliyeng'ata kwa adabu akijua analing'ata la wenyewe. Nililigeuza ili alama zielekee kwenye kiganja changu. Nilijua kila kitu. Niliwajua hata waliong'ata, maana kati ya wale kumi na wawili watatu walikuwa wajawazito, na mmoja alikuwa bado hajamwambia mumewe. Ilikuwa ni kusema tu: memsahib, hawakuiba, wamekula, wana mimba, ni desturi, hata mke wangu.

Sikusema. Nilijiona nikimweleza mwanamke wa kizungu habari za matumbo ya wake za majirani zangu, kisha akiniuliza wewe umejuaje, kisha nikilitaja tumbo la mke wangu, na masikio yangu yakawaka moto. Haya, tuliita hivyo. Nilikuwa na haya. Nikasimama na jiwe mkononi kama mwizi mwenyewe.

"Wewe najua?" akaniuliza.

"Sijui, memsahib," nikasema.

Neno hilo ndilo kosa langu. Nimekuwa nikisema uongo mdogo maishani kama kila mtu, lakini huo nilioudhania mdogo ulinigharimu mtoto.

Memsahib alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa ukamilifu. Siku ile ile aliahirisha maonyesho yote. Akasema meza ya kugusa hakuna tena, kila jiwe litawekwa ndani ya kioo, na vioo vitaagizwa Nairobi, vitachukua miezi miwili. Akaketi mezani kwake akawaandikia wote walioalikwa, mmoja mmoja, kuwajulisha kwamba Jumamosi ile imefutwa. Nilidhani barua ya kumjulisha mke wangu itamfikia yeye peke yake, nami nikatuma yangu haraka kumwambia aje tu, pasi anayo. Sikujua kwamba memsahib, kwa ukamilifu wake huo huo, alikuwa amekumbuka kwamba mama huyo anasafiri kwa ruhusa, hivyo akaona ni uungwana kuijulisha pia ofisi iliyompa.

Nilianza kujua Jumamosi yenyewe. Nilikuwa stendi tangu asubuhi na kitambaa changu chenye mawe matatu. Basi la kwanza likaja, la pili likaja. Watu walishuka, wakakumbatiwa, wakaenda. Muuza mahindi aliniuliza, "Mzee, unangoja nani?" Sikuwa mzee, nilikuwa kijana, lakini nadhani uso wangu ulikuwa umezeeka asubuhi hiyo. Nikamwambia nangoja mgeni. Jioni alifungasha mahindi yake na bado nilikuwa pale.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Mwalimu yule wa misheni aliandika kwa ufupi. Askari alikuja siku mbili kabla ya safari akaichukua pasi, akasema shughuli imefutwa. Mke wangu hakulia, aliandika mwalimu. Aliuliza tu kama ni kweli imefutwa au mumewe amemchoka.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa memsahib na kumwambia yote. Nilimwambia huku nikitazama fuvu la kiboko. Wanawake, mimba, udongo, alama za meno, mke wangu, mtoto, pasi. Sijui nilisema kwa dakika ngapi. Nilipomaliza alikuwa amevua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na sikuwahi kujua.

"Kwa nini hapana sema ile siku?" akauliza.

"Niliona haya."

Akaiweka kofia mezani. Kisha akasema taratibu, "Mimi pia hapana uliza." Aliandika kadi nyingine siku hiyo, akapiga muhuri mara mbili, akaandika na barua kwa yule bwana mkubwa. Jibu lilikuja mistari miwili: ofisi haitashughulika tena na habari za mawe.

Mtoto alizaliwa bila mimi, msichana, nyumbani kwa mama mkwe aliyekuwa bado hajapona mguu. Niliambiwa kwa barua. Majirani walikuja kunipongeza, wakakaa kwenye kitanda na kwenye lile godoro jipya, wakala wali, wakaondoka. Nikafagia. Nilikuwa baba, na nyumba ilikuwa kimya kama jana yake.

Maonyesho yalifunguliwa vioo vilipofika. Memsahib alirudisha meza ya kugusa bila kuambiwa, akaweka sinia jeupe lililojaa, na akaniomba niandike mimi maelezo yake kwa Kiswahili. Niliandika: "Jiwe hili ni jepesi kwa sababu limetokana na vitu vidogo vilivyoishi zamani ziwani. Liguse kwa shavu lako." Sikuandika lisiliwe. Kila mwezi tuliongeza mawe, na memsahib hakuuliza yanapungua vipi. Familia zilikuja, tena nyingi. Wazungu kwa siku zao, wengine Jumamosi. Nilisimama kwenye beseni na taulo, nikakausha mikono ya watoto wa watu. Niliijua kazi hiyo vizuri. Wakati mwingine baba mmoja alimwinua mtoto wake aone ndani ya kabati la juu, na nililazimika kwenda kuangalia mlango.

Mke wangu alirudi mtoto akiwa na miaka miwili na nusu. Sheria ilikuwa imelegea, mama mkwe alikuwa amefariki, na siku moja tu basi likaja na wao wakashuka. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kama watu waliojuana zamani katika mji mwingine. Aliziona nguo zake tatu kwenye kamba, akazigusa, akasema, "Sasa zitanipwaya," nami nikasema sawa. Mtoto alilala kifuani mwake na uso amegeukia ukuta. Nilipomsogelea alilia, kwa hiyo nikaacha kumsogelea.

Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Jumamosi nikawapeleka makumbusho. Nilitaka wanione mahali ninapojua kitu. Nilimwonyesha mtoto jiwe linaloelea, akalitazama kutoka nyuma ya rinda la mama yake. Hakuligusa. Nilimwonyesha udongo mwekundu, hakutaka. Mke wangu alisimama mbele ya lile sinia jeupe kwa muda mrefu, mikono imekunjwa.

Nilikuwa na kile kitambaa mfukoni. Nilikuwa nimekitunza juu ya kabati muda wote huo, nikipangusa vumbi. Nikakifungua nikampa. Alilichukua jiwe moja, akalibonyeza kwa kidole gumba kama zamani, akalinusa.

"Nilililia hili hadi usiku wa kujifungua," akasema. "Mama akanipa udongo wa ukuta." Akalirudisha kwenye kitambaa. "Sasa hata hamu sina."

"Nisamehe," nikasema. Nilikuwa nimemwandikia neno hilo mara nyingi, lakini kulitamka kwa mdomo ilikuwa mara ya kwanza. "Ningesema neno moja tu ungekuwa hapa."

"Najua," akasema. "Uliandika." Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alimrekebishia mtoto kola.

Mtoto ndiye aliyelichukua. Alinyoosha mkono kutoka nyuma ya rinda, akalichagua lililo dogo katika kitambaa, na kabla hatujasema kitu akalitia mdomoni akaling'ata. Mke wangu akacheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa, la kwanza tangu ashuke kwenye basi. "Si nilikwambia," akasema. "Si mimi nililitaka. Ni huyu."

Mtoto alitafuna kidogo, akakunja uso, akatema unga kwenye kiganja chake. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza akinitazama usoni bila kulia, akaninyooshea lile jiwe lenye mate na alama za meno yake madogo.

"Mzee," akasema, "shika jiwe yako."

Mke wangu alifungua mdomo amrekebishe aseme baba. Nikamtikisia kichwa aache. Nikalipokea, nikamkausha mtoto mikono kwa lile taulo, kidole kimoja kimoja, kama nilivyowakausha watoto wa watu wote.